Vidonge vya Mkaguzi Havitupwi

Kwako kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Kabla hujauliza, nakuandikia nikiwa mzima, nimekula na nimetulia, ili usije ukasema baadaye kwamba niliandika kwa hasira. Hasira ninayo, lakini nimeiketisha kiti cha nyuma na kuifunga mkanda. Habari za huko? Wifi hajambo? Kile kikohozi kimemwacha? Na hao wanaoniita shangazi, shule wanaipenda, au wanaikimbia kama baba yao alivyokuwa akiikimbia? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama anakusalimu sana. Yuko hapa mezani, anachambua mchele, na kila nikigeuza karatasi ananitazama kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Utashangaa kuona barua wakati simu unayo na mimi ninayo. Kaka, kwenye simu hujawahi kuniacha nikafika mwisho wa sentensi. Nikisema Mama, wewe umeshasema umeelewa, na ukishaelewa hakuna tena wa kukueleza. Karatasi haikatizwi. Unaweza kuikunja, hata kuichana, lakini maneno yatakuwa yamekwisha kusemwa yote.

Nimepata agizo lako. Umesema mbwa aondoke, dawa zote zilizomo kabatini zitupwe, na Mama ahamie kwako akapumzike, nyumba yake ipangishwe. Umesema Jumamosi unamtuma dereva wako na gari kuja kubeba vitu na kusafisha makabati. Jibu langu ni hapana. Mbwa haondoki. Dawa haitupwi hata kidonge kimoja. Hilo la tatu nitamwachia mwenyewe alijibu. Najua utasema sikio halizidi kichwa. Ni kweli, lakini kichwa kikiwa mbali, sikio ndilo linalosikia mtu akianguka bafuni.

Ngoja nianze mwanzo, kwa sababu mwaka huu umekuja mara tatu tu. Uliona vipande vitatu vya habari hii, vingine ukajijazia mwenyewe.

Mkaguzi unamjua, ingawa hujawahi kumwita kwa jina. Wewe humwita hilo lijibwa. Jina hilo alipewa na wanafunzi wangu. Tangu nianze kufundisha udereva amekuwa akikaa kiti cha nyuma cha gari la mafunzo, kaketi wima, macho kwenye kioo cha kati, na mwanafunzi akikwaruza gia anashusha pumzi kwa huzuni kama mtu mzima aliyevunjwa moyo. Habweki, haparuzi viti. Wapo watu waliopita shule mbili za udereva wakaja kwetu kwa ajili yake, maana walisema mwalimu anayepumua kwa huzuni ni nafuu kuliko anayefoka. Bosi wangu, anayejifanya hapendi mbwa, amemruhusu kwa sababu hiyo, na kwenye tangazo la ukutani amemchora.

Basi asubuhi moja alikataa kupanda garini. Nikadhani ni uvivu. Nikamwinua, nikakuta mwili umelegea, anahema kama aliyekimbizwa, na mkojo wake pale uani una rangi ya chai iliyochemka mno. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama mshumaa. Niliwaambia wanafunzi wa siku hiyo wakae nyumbani wasome alama za barabarani, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, yule mwenye chumba nyuma ya duka la rangi na misumari.

Daktari huyo ni binti mdogo, mikono myepesi, hana maneno mengi. Alimtoa damu kidogo, akaitazama, akaitazama tena. Akaniambia Mkaguzi hajaumwa na mdudu wala hajala sumu. Kinga ya mwili wake mwenyewe imekosea adui: inaziona chembe nyekundu za damu kama wageni, inazivunja. Nikamwuliza maana yake ni kwamba walinzi wa nyumba wamegeuka wanawapiga wenye nyumba? Akasema ndivyo hasa, na dawa anayotaka kumpa kazi yake ni kuwatuliza hao walinzi, kwa sababu wasipotulizwa mbwa hamalizi wiki. Dawa yenyewe ni prednisoloni, vidonge vidogo vyeupe ambavyo ukiviona huwezi kuvidhania lolote.

Kaka, mbwa alifufuka. Hakufufuka siku hiyo, na kuna asubuhi niliamka nikaogopa kufungua mlango wa jikoni, lakini ufizi ulianza kupata rangi, kwanza kwa mbali, halafu wazi. Siku daktari alipokuja hapa nyumbani kumpima tena, nilimwuliza kama dawa ya mbwa inaweza kweli kuwa na nguvu kiasi hicho. Akacheka, akasema hakuna cha dawa ya mbwa hapo, ni ile ile ya hospitalini kwa watu. Mama alikuwa hapo hapo akiosha glasi. Akauliza kama ni kweli binadamu naye hupewa. Daktari akamjibu kwamba ndiyo, wenye viungo vilivyovimba kwa mfano, ila ni kwa uangalizi mkali. Mama akasema dunia ina mambo, akaendelea na glasi zake.

Siku hiyo hiyo ndipo daktari aliponipa masharti, na nakuomba uyasome polepole, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Alisema dawa hii italeta kiu, njaa na mkojo usio na adabu. Hayo nivumilie. Lakini nisije hata siku moja nikaikata ghafla, hata mbwa akirukaruka kama ndama. Juu ya figo kuna tezi ndogo zinazotengeneza kitu kama dawa hii hii, na mwili hauwezi kuishi bila kitu hicho. Tezi zikiona dawa inaletwa kutoka nje kila siku, zinaenda likizo. Ukiikata ghafla, unazikuta zimelala: mgonjwa analegea, anatapika, anatetemeka, presha inashuka, na anaweza kufa hivi hivi unamwangalia. Mbali ya hapo, wale walinzi nao wanaweza kuamka na kuanza upya kuvunja damu. Kwa hiyo dozi inapunguzwa kidogo, mnasubiri, damu inapimwa, na ikiwa imara ndipo mnapunguza tena. Damu ikiyumba, hampunguzi. Safari ni ya miezi. Nikamwambia mimi hilo sihitaji kufundishwa, ndiyo kazi inayonilisha: gari lililo kwenye gia ya juu hulisimamishi kwa kulizima, unashuka nalo gia moja moja. Akaniambia laiti wenye mbwa wote wangekuwa walimu wa udereva.

Wewe unayetuhubiria tangu utotoni kwamba haraka haraka haina baraka ndiye unayetaka kila kitu kiishe Jumamosi.

Mkojo nao tulipambana nao. Mkaguzi alikuwa akiomba kushuka kila baada ya mitaa miwili, na kila akiomba, mwanafunzi lazima atafute pa kuegesha. Wameegesha mbele ya benki, wameegesha kwenye mteremko, wameegesha kinyumenyume kati ya malori mawili huku mbwa analia nyuma na mimi nahesabu pumzi. Siku ya mtihani wa leseni, mtahini aliuliza shuleni kwetu tunatumia njia gani, kwamba kundi zima linaegesha kama limezaliwa na usukani mkononi. Bosi akajibu kwamba ni siri ya kazi.

Wakati huo ndipo Mama alipojitolea kumpa Mkaguzi dawa. Mama yule yule aliyekuwa hamruhusu mbwa kuvuka kizingiti cha jikoni! Alisema mimi naondoka mapema, narudi nimechoka, na yeye yupo tu. Akawa anaponda vidonge, anavichanganya na maini, anamwita Mkaguzi kwa sauti ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuitiwa. Nilifurahi. Nilidhani uzee umemlainisha.

Na Mama mwenyewe alinawiri. Hilo uliliona. Miezi michache kabla ulikuwa umemwambia mbele yangu, kwa upole lakini umemwambia, kwamba magoti yake hayaendani na nyumba ya kuishi na binti anayeshinda barabarani, na kwamba asipotembea vizuri mpaka likizo ya watoto utamchukua akae kwako. Ukamtumia lile kopo la unga wa mifupa ulilonunua kwa mwenzako wa kazini. Haukupita muda mkongojo ukakaa nyuma ya mlango. Mama akaosha madirisha. Akapanda juu ya kiti kutundika mapazia, nikamfokea mimi, mtoto wake wa mwisho, akacheka. Mashavu yakajaa, chakula kikawa kinamwita saa zote, alfajiri namkuta keshaamka anafuta vumbi ambalo halipo. Ulipokuja likizo alikufuata mpaka getini bila kushika kitu, ukamkumbatia, ukageuka ukaniambia unaona kazi ya unga. Ulitangaza kwa ukoo mzima. Binamu zetu wote wakaagiza makopo. Hata mimi niliamini, kaka, siwezi kukuchekea peke yako.

Sasa sikiliza. Dozi ya Mkaguzi ilipunguzwa mara ya kwanza, damu ikawa nzuri. Ikapunguzwa tena, ikawa nzuri. Ya tatu ikamwangusha. Ufizi ukarudi kuwa mweupe, mbwa akalala chini ya meza na hakuinua kichwa hata niliposhika funguo za gari. Daktari alikasirika, si na mimi, alikasirika na damu yenyewe. Alisema kupunguza kwetu kulikuwa kwa taratibu mno, hakukupaswa kuleta hali hiyo, labda mbwa hamezi. Akauliza anayempa dawa ni nani. Nikasema ni mama yangu, na mama yangu akishika kazi haachi. Na kweli chupa ilikuwa ikiisha siku ile ile iliyopaswa kuisha. Tukakubaliana kwamba Mkaguzi ni mjanja, anakula maini na kutema dawa nyuma ya pipa. Dozi ikapandishwa, tukarudi karibu na mwanzo.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama apumzike kazi hiyo, kuanzia sasa nitampa dawa mwenyewe kwa mkono wangu mpaka nione koo linapanda na kushuka. Chupa nikaifungia kwenye droo ya dashibodi ya gari. Mama aliendelea kusugua bakuli la maini ambalo lilikuwa safi. Halafu akasema ni sawa. Nikadhani ameumia kusikia kwamba mbwa alikuwa anamtemea, nikamnunulia kitambaa cha kichwa kumpoza.

Mkaguzi akainuka haraka, haraka kuliko mara ya kwanza. Mama ndiye aliyeanza kushuka. Kwanza alisema mwili unamuuma wote. Halafu magoti yakarudi, tena mabaya kuliko yalivyowahi kuwa. Chakula akawa anakisukuma, akisimama anashika ukuta, asubuhi anatapika maji matupu. Nilitaka kumpeleka hospitali, akasema ni uchovu, nikamsikiliza kwa sababu ni mama yangu. Asubuhi moja nikiwa nafunga viatu nikasikia kishindo bafuni. Nilimkuta sakafuni, baridi, jasho linamtoka, ananiambia kwa sauti ndogo nisikupigie simu.

Nilikupigia. Ukaja siku hiyo hiyo, na hilo sitalisahau. Ulipita nyumbani kwanza kumchukulia nguo, ukakuta manyoya ya mbwa kwenye blanketi na harufu ya mkojo ukumbini, na kabla hujafika hospitalini ulikuwa umeshapata jibu. Ulimwambia daktari kwamba mama yetu anaishi na mnyama mgonjwa, ukamwomba apime magonjwa ya mbwa yote anayoyajua. Kwenye korido ukaniambia kwamba nimempenda mnyama kuliko aliyenizaa. Nilidhani labda ni kweli. Ukaondoka kesho yake alfajiri, na agizo lako likanifikia kabla hujafika kwako.

Naomba hapa ukae, kama umesimama.

Mchana wa siku uliyoondoka, daktari alisimama kando ya kitanda na majibu ya vipimo. Hakuna ugonjwa wa mbwa. Hakuna maambukizi yoyote. Presha ilikuwa chini, sukari chini, chumvi za mwilini hazijakaa sawa, na hakuwa anaelewa kwa nini. Alimwuliza Mama kama kuna dawa anayoitumia. Mama akasema hakuna, ni unga tu wa mwanawe. Daktari akaanza kuuliza mengine, lakini mimi nilikuwa nimeacha kumsikia. Kulegea. Kutapika. Kutetemeka. Presha kushuka. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia jikoni kwetu, yakisemwa juu ya mbwa. Nikamtazama Mama, nikayakumbuka yale mashavu, ile njaa, yale madirisha. Nikainama sikioni kwake nikamwuliza kama alikuwa akimeza vidonge vya Mkaguzi.

Alivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akaniambia hakuwa anavimaliza, alikuwa anamwachia na yeye.

Kaka, sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili mbele ya wodi nzima. Tangu alipoishika kazi ile, akikumbuka maneno ya siku ya glasi, Mama alikuwa anachukua fungu lake kutoka kwenye dozi ya Mkaguzi, kila siku, bila kukosa. Mwanzoni dozi ya mbwa ilikuwa kubwa, kwa hiyo palikuwa na cha kuwatosha wote. Ilipopunguzwa, Mama hakupunguza ya kwake. Alipunguza ya mbwa tu, mbwa akabaki na makombo, akaanguka. Halafu mimi mjuaji, mwalimu wa kushuka gia moja moja, nikafunga chupa kwenye droo na kumsimamisha mama yangu ghafla katikati ya barabara. Yule aliyeanguka bafuni hakuangushwa na mbwa wala na manyoya. Nilimwangusha mimi, bila kujua, nikiwa namtunza mbwa.

Nilimwambia daktari pale pale, mbele ya Mama. Hakugomba. Alikwenda mbio, akarudi na muuguzi na dripu, na iliyokuwa ndani ya dripu ile ni dawa ya ukoo ule ule. Kabla ya jioni Mama alikuwa analalamikia mto wa hospitali na kuuliza kitana chake kiko wapi. Daktari aliniambia kwamba tungekaa kimya siku moja zaidi, angekuwa ananieleza habari nyingine.

Basi unaelewa sasa? Katika hizo dawa unazotaka zizolewe Jumamosi, moja ni ya Mkaguzi, niliyoirudisha kabatini, na nyingine ni ya Mama. Ana vidonge vyake halali sasa, vya hospitali, kwa jina lake, na anashushwa polepole, anapimwa presha na sukari kabla ya kila hatua, sawasawa na mwenzake wa chini ya meza. Katika nyumba hii wako wawili wanaoshuka, na hakuna atakayesukumwa. Dereva wako angefungua kabati lile akiwa na mfuko, kwa agizo lako, kwa upendo wako wote ambao siutilii shaka, angekuwa amekuja kumuua Mama. Na huyo mbwa unayetaka aondoke, kama asingeugua, mimi ningemtazama mama yangu akifa huku nikiwa sijui ninachokitazama. Kwa hiyo Mkaguzi hahami, na nikisikia tena neno lijibwa nitakata simu.

Lakini hilo silo zito. Zito ni kwa nini alifanya hivyo. Nilimwuliza tuliporudi nyumbani, nilipomaliza kumkasirikia. Hakuwa anatibu magoti, kaka. Magoti ameyazoea, anayasema kama mtu anayesema habari za jirani mkorofi. Alikuwa anakutibu wewe. Tangu ulipomwambia kwamba asipotembea vizuri utamhamisha, alikuwa anaamka na hofu, na aliposikia kuna kidonge kinachowapa watu viungo vyao, alikuwa tayari kukimeza hata kingekuwa cha punda. Ile siku ya likizo uliyomwona akija getini mikono mitupu, alikuwa ameifanyia mazoezi uani kwa siku nyingi. Nyumba hii aliijenga yeye na Baba kwa kushona sare za watu, chumba hadi chumba, na kitanda alichofia Baba bado anakilalia. Wewe uliona mwanamke mzee asiye na mtu wa kumwangalia mchana. Yeye alisikia mwanawe akimwambia kwamba akiumwa anapoteza nyumba. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia hata mimi. Akasema ningekuambia. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na aliyetufundisha methali hiyo ni yeye, kwa fimbo.

Aliniapisha nisikwambie. Nimekaa na kiapo hicho tangu hospitalini, na ndiyo sababu simu zako nimekuwa nikizijibu kama bubu. Leo asubuhi nilimwambia kuhusu Jumamosi. Alifikiri, akaniambia niandike yote, nisimfiche yeye wala nisikufiche wewe.

Kwa hiyo haya ndiyo masharti yetu. Dereva wako asije. Kama kuja, njoo mwenyewe, bila mifuko. Hapa pana kijana wa kike aliyemaliza kozi ya uuguzi ambaye atakuwa anashinda na Mama nikiwa kazini, na kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemkunja na kumkunjua huku Mama akimtukana kwa heshima. Unga wako daktari ameutazama, akasema hauna ubaya wala uzuri. Mama anautumia kusugulia masufuria na anakushukuru, yanang'aa. Binamu waambie mwenyewe, mimi simo. Ukitaka kugombana nami, gombana, nimekuwa mdogo wako miaka yote hii na sijawahi kufa kwa kugombezwa. Ila ugomvi huo utaufanyia hapa, ukiwa umekaa kwenye kiti, na safari hii utaniacha nifike mwisho wa sentensi.

Mkaguzi anaendelea vizuri. Jana damu ilipimwa, imesimama imara, na wiki ijayo tunashuka kidogo tena. Mama yeye hatua yake iko nyuma kidogo, na anaudhika kwamba mbwa anamtangulia. Msalimie wifi, mwambie anywe maji ya moto kwa hicho kikohozi. Wabusu watoto. Waambie shangazi yao anawangoja, na kwamba aliye tayari kujifunza usukani atakuja kukaa mbele na mwenye woga atakaa nyuma na Mkaguzi.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini Mama amesema nimsomee, nimemsomea barua yote, neno kwa neno, hata pale pa fimbo. Hakunisahihisha mahali popote. Ameweka pembeni sinia la mchele, ameniambia niongeze maneno yake mwisho, niyaandike kama anavyoyasema nisiyapambe. Ninayaandika.

Anasema: mwambie mwanangu magoti yanauma. Yanauma asubuhi, yanauma nikiinuka, na getini sitamfuata tena, atanikuta kwenye kiti na mkongojo wangu mkononi. Mwambie aje anione hivyo hivyo. Na mwambie sihami.

Wako mdogo wako asiyesikia,
Kitindamimba,
kwa idhini ya mwenye nyumba.